Khedive Ismail: meli iliyoondoka Kilindini isifike Colombo

Mtajie mtu nyambizi za Vita vya Pili vya Dunia, mawazo yake yataruka hadi Atlantiki. Bahari ya Hindi inadhaniwa ilikuwa shwari. Haikuwa shwari hata kidogo. Mapema Februari 1944 meli 5 ziling'oa nanga Kilindini, Mombasa, kuelekea Colombo. Mojawapo, Khedive Ismail, meli ya abiria ya mwaka 1922 iliyogeuzwa kuwa ya kubebea askari, ilikuwa na watu zaidi ya 1,500. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa torpedo 2, yaani makombora yanayopita chini ya maji.

Wengine husema meli hizo hazikuwa na ulinzi. Zilikuwa nao: manowari za Kiingereza Hawkins, Petard na Paladin zilikuwa papo hapo.

Dhana nyingine ni kwamba meli kubwa huzama taratibu, mashua zikashushwa, wanawake wakatangulia. Hii ilizama kwa takriban dakika 2. Aliyekuwa vyumba vya chini hakuwa na muda hata wa kuipata ngazi. Kati ya wanawake zaidi ya 75 waliokuwamo, wengi wao wauguzi, walionusurika ni 6 tu.

Kisha kuna neno linaloumiza zaidi: kwamba manowari ziliwaua manusura kwa ukatili. Ni kweli mabomu ya chini ya maji yalirushwa watu wakiwa bado wanaelea. Lakini I-27 ilikuwa imejificha chini yao, na meli 4 zilizobaki zilikuwa zimejaa watu. Mimi siwezi kumhukumu aliyetoa amri ile. Nyambizi ilipoibuka, Paladin iliikaribia mno hata ikatobolewa ubavu, na mizinga ikashindwa kuizamisha. Petard ikafyatua torpedo moja moja. Ya 7 ndiyo iliyoimaliza.

La mwisho, lililotupotezea historia yetu wenyewe: eti ni msiba wa Waingereza. Watu 996 melini walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, wengi wao askari Waafrika. Jumla ya waliokufa ni 1,297. Bahari haikuwaachia kaburi. Majina ya askari wetu yamo kwenye mnara wa kumbukumbu katika makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong.