Tembo asiye na magoti, na mengine wanayosingiziwa watawa wa Ulaya

Picha ya mamba mwenye umbo la mbwa, iliyochorwa Ulaya karne ya 12 au ya 13, ikirushwa mtandaoni haikosi mtu wa kuandika chini yake: "Watu wa kale walikuwa wajinga sana." Hiyo ndiyo dhana kubwa kuhusu vitabu vya wanyama vya zama zile (bestiary), vilivyonakiliwa na watawa na ndimo zinamotoka picha kama hiyo, kwamba vilikuwa elimu ya wanyama iliyokosewa.

Vilikuwa vitabu vya mafundisho ya dini. Chimbuko lake ni Physiologus, maandiko ya Kigiriki yanayodhaniwa kutungwa Alexandria, Misri, katika karne za mwanzo za Ukristo, yakaja kutafsiriwa kwa Kilatini, Kiarabu na hata Kigeez cha Ethiopia. Humo simba jike huzaa watoto wafu, na siku ya tatu baba yao huwapulizia pumzi wakafufuka. Mkristo aliyesoma hayo hakuhitaji kuelezwa ni nani anayezungumzwa. Ndege mwari naye huua makinda wake, kisha siku ya tatu hujitoboa ubavu na kuwahuisha kwa damu yake. Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, alipomtaja tai katika mahubiri yake ya Zaburi hakujali sana kama habari zile ni za kweli au ni maneno ya watu tu. Alichotaka ni fundisho.

Husemwa pia kwamba kila mtu aliyaamini yote. Si kweli. Biva, yule mnyama wa mitoni mwenye mkia bapa, alidaiwa kwamba akiwindwa hujing'ata korodani na kumwachia mwindaji, maana ndizo zenye dawa. Albertus Magnus, mtawa Mdominika wa Ujerumani katika karne ya 13, aliikana habari hiyo. (Dawa ilikuwapo kweli, ila hutoka kwenye vifuko vilivyo karibu na mkia. Korodani za biva zimo ndani ya mwili. Hata angetaka, asingezifikia.) Mtawala Frederick wa Pili wa Dola Takatifu la Kirumi alisikia kwamba kuna mabata bukini wanaoota kwenye mbao zilizooza baharini. Akatuma watu kaskazini wamletee mbao hizo. Akakuta magamba ya viumbe wa baharini, wala ndani hamna chochote chenye sura ya ndege.

Na tembo? Wengi hudhani alichorwa bila magoti kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona. Lakini Aristotle, mwanafalsafa Mgiriki, alishasema zamani kwamba tembo hukunja miguu. Mwaka 1255 Louis wa Tisa wa Ufaransa alimpa Henry wa Tatu wa Uingereza tembo mzima, akafugwa katika Mnara wa London, na mtawa Matthew Paris akamchora. Bado vitabu viliendelea kunakili tembo anayelala akiegemea mti, mti ukikatwa anaanguka asiweze kuinuka, kwa kuwa hana magoti. Tembo wakubwa wanashindwa kumwinua, mpaka aje mdogo, ambaye ni mfano wa Kristo. Magoti yangeharibu mahubiri.

Wale konokono wanaopigana na mashujaa waliovaa deraya, wanaopendwa sana mitandaoni, kwa kawaida hawatoki katika vitabu hivi kabisa. Wengi wao wamo pembezoni mwa kurasa za vitabu vya Zaburi na sala vya mnamo mwaka 1300 hivi, hasa kaskazini mwa Ufaransa na Flanders (leo hasa Ubelgiji), na wataalamu bado wanabishana wana maana gani.