Mabel Normand na simba wa kwenye kamba

Nikiwauliza wanafunzi wangu wa uigizaji nani aling'ara katika vichekesho vya filamu bubu, wote hunitajia Chaplin. Mabel Normand hatajwi, na hilo linaniuma. Chaplin alipoanza kazi katika studio ya Keystone, California, Mabel alikuwa nyota pale tayari, tena ameshaanza kuongoza filamu. Yale mavazi ya mzururaji, kofia ya duara na fimbo, Chaplin aliyavaa kwanza walipokuwa wakitengeneza *Mabel's Strange Predicament* ya 1914, na aliyekuwa akiongoza ni binti huyu wa miaka 21.

Ufundi wake unaonekana vizuri zaidi katika *The Extra Girl* ya 1923. Anaigiza msichana anayefanya kazi katika studio ya filamu. Kuna mbwa mkubwa aliyevishwa ngozi ya simba, na kuna simba wa kweli. Mabel anamchukua wa kweli akidhani ni yule mbwa. Anamfunga kamba na kumburuta kwenye vyumba vya studio huku watu wakitimua mbio. Tazama uso wake hapo. Hakodoi macho wala hapapatiki. Ametulia tu kama mtu aliyetumwa kazi na anataka kuimaliza. Waigizaji wengi wa wakati ule wangerusha mikono na kupepesuka ili tujue kwamba ni kichekesho. Yeye anatuachia sisi hofu yote, ndiyo maana tunacheka. Simba alikuwa hai, hakuna ujanja wa kamera, na utulivu ule si wa kila mtu.

Kwa bahati mbaya, wengi humkumbuka kwa kashfa. Februari 1922 mwongozaji William Desmond Taylor aliuawa kwa risasi nyumbani kwake Los Angeles, muda mfupi baada ya Mabel kumtembelea. Polisi hawakumshtaki, na muuaji hajajulikana hadi leo, lakini magazeti hayakumwacha. Januari 1924 dereva wake akampiga risasi tajiri mmoja kwa bastola ya Mabel, mambo yakazidi kuharibika. Kifua kikuu kilimuua Februari 1930, akiwa na miaka 37.

Anayetaka kumfahamu asianzie kwenye mauaji. Atazame *The Extra Girl*, kisha arudi nyuma kwa *Mickey* ya 1918, iliyotengenezwa na kampuni yenye jina lake Mabel mwenyewe.