Mwakilishi wa jamii wa KEMRI si wakala wa kusaka watu

Kilifi, pwani ya Kenya, ambako KEMRI (taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba) na Wellcome Trust, shirika la hisani la Uingereza, wanafanya utafiti wa afya tangu 1989, bado wapo wanaoamini kwamba mwakilishi wa jamii, yule waliyemchagua wenyewe, hulipwa kwa kila mtu anayemwingiza kwenye utafiti. Sivyo. Ni mtu wa kujitolea, hana mshahara. Akiitwa mkutanoni hurudishiwa gharama kama nauli. Kazi yake ni kuchukua maswali na minong'ono ya mtaani (ile ya damu inayochukuliwa na watafiti haikosekani), kuifikisha kwa watafiti, kisha kurudi na majibu.

Idhini ya kushiriki hatoi yeye, wala chifu; ni yako mwenyewe. Mfanyakazi wa utafiti ndiye anayekueleza fomu ya idhini kwa lugha unayoielewa, Kigiriama au Kiswahili, pamoja na kiasi cha damu. Mililita 5 ni kama kijiko kimoja cha chai. Asiyejua kusoma huweka dole gumba mbele ya shahidi asiye wa utafiti. Nakala ya fomu baki nayo. Ukijitoa baadaye, matibabu yako ya kawaida hayakatwi.

Mambo huharibika mwakilishi anapoanza kuwashawishi majirani: watu hukubali kwa kumwonea haya, na malalamiko yao hawampelekei tena.