Kwa nini mwanafunzi asiyeona huanza kuandika upande wa kulia?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba nukta nundu, maandishi ambayo wasioona husoma kwa kupapasa, ni lugha nyingine, yenye mwelekeo wake kama Kiarabu. Nilianza kuamini hivyo nilipoingia darasa moja hapa Moshi na kumwona binti wa darasa la tatu akianza imla upande wa kulia wa karatasi. Nilitaka kumwelekeza. Mwalimu akanizuia kwa upole: "Subiri ageuze karatasi."

Nukta nundu si lugha, ni herufi. Mtoto huandika kwa nukta hizo Kiswahili kilekile anachoongea na bibi yake, na hukisoma kutoka kushoto kwenda kulia kama wewe. Kila herufi hukaa kwenye chumba chenye nafasi 6, safu mbili za nukta tatu tatu, na hutambulika kwa nukta zilizoinuka. Kinachokwenda kinyume ni mkono unaoandika tu, na sababu ni kifaa.

Chukua daftari, andika kwa kalamu ukikandamiza sana, kisha geuza ukurasa na upapase nyuma. Utahisi mistari imeinuka, na maneno yamegeuka kama kwenye kioo. Yule binti alikuwa na sleti, yaani bamba lenye bawaba lililobana karatasi nene, na stailasi, kijisindano chenye kishikio kinachojaa kiganjani. Kila akidunga, karatasi hubonyea na kinundu hutokeza upande wa pili, ambao ndio utakaosomwa. Kwa hiyo huandika kinyume, kama fundi mihuri anavyochonga jina kinyume ili likigongwa lisomeke sawa.

Tena hageuzi mstari peke yake, hugeuza kila herufi. Akisahau, e husomeka i, na i husomeka e. H huwa j, r huwa w. Andika "heri" kuanzia kulia bila kugeuza herufi, na msomaji atakuta "jiwe". Nimelipitia neno hilo nukta kwa nukta mara tatu, na bado linanishangaza. (Mfano huu ni wa maandishi ya herufi moja moja, yasiyo na vifupisho.) Mtoto mdogo hufanya hesabu hiyo yote huku mwalimu akiendelea kusoma imla: kidole cha mkono wa kushoto kinatangulia kutafuta chumba kinachofuata, stailasi inafuata, tak, tak, tak.

Mashine ya Perkins, ya kuchapia nukta nundu, haina kazi hiyo, kwa sababu husukuma nukta kutoka chini na kinundu hutokeza juu palepale. Lakini ina uzito wa karibu kilo 5, wakati sleti huingia kwenye mkoba.

Kuandika huku ndiko kulikochelewa. Louis Braille alipoingia shule ya wasioona ya Paris mwaka 1819, akiwa na miaka 10, vitabu vilikuwepo, vyenye herufi za kawaida zilizoinuliwa. Watoto walizipapasa kwa shida, na kujiandikia wenyewe kwa herufi hizo ilikuwa karibu haiwezekani. Braille alichapisha mfumo wake, ndio hizi nukta nundu, mwaka 1829, na shule yake ikaukubali rasmi mwaka 1854, miaka 2 baada ya yeye kufariki. Dawati mtoto alikuwa nalo; kalamu hakuwa nayo.

Ndiyo maana nakithamini sana kifungu cha 24 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, wa mwaka 2006. Hakiishii mlangoni mwa shule. Kinataja nukta nundu kwa jina, kinataja lugha ya alama, na kinataka wawepo walimu wanaozijua. Kwetu, shule ya Buigiri, Dodoma, ilianza kufundisha watoto wasioona mwaka 1950. Tanzania iliridhia mkataba huo mwaka 2009 na kutunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010.

Yule binti alipomaliza alifungua bawaba, akageuza karatasi, akapitisha kidole kutoka kushoto kwenda kulia. Katikati ya mstari wa pili alisimama: palipotakiwa e palikuwa na i. Akazilaza nukta mbili kwa ukucha, akairudisha karatasi kwenye sleti na kudunga upya.