Kichujio cha barakoa ya mpira hakifuliwi

Kwenye gereji za kupiga rangi magari, wengi huamini kwamba kichujio cha barakoa kikichafuka, ukikipuliza kwa kompresa au kukisuuza kwa sabuni kinarudi kuwa kipya. Wazo hilo linaeleweka: kichujio cha hewa cha injini hupulizwa, na vichujio hivi ni ghali.

Lakini kile cha vumbi kina nyuzi nyembamba mno, mara nyingi zenye chaji ya umeme tuli inayonasa chembe. Upepo wa kompresa huweza kuzitoboa, na sabuni huiondoa chaji. Kile cha mvuke wa thina kina mkaa maalumu wenye vitundu vinavyojaa taratibu. Maji hayavizibui, na kwa macho huoni tofauti. Tena mkaa huo hunasa mvuke hata barakoa ikining'inia ukutani, ndiyo maana huhifadhiwa kwenye mfuko uliofungwa.

Kinachooshwa ni mpira wenyewe. Ng'oa vichujio kwanza, tumia maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, anika kivulini. Usitumie thina, huula mpira.

Maelekezo yapo kwenye karatasi iliyo ndani ya boksi, isome. Kisha rudisha vichujio, vaa, na upime kama barakoa inabana: ziba vichujio kwa viganja, vuta pumzi taratibu. Barakoa inyonywe usoni, ibaki hivyo sekunde 10 hivi. Ikilegea, kagua valvu: tone dogo la rangi kavu linatosha kuizuia isifunge. Ndevu nazo hupitisha hewa.

Ukinusa thina ndani ya barakoa, toka nje. Ila usingoje harufu, nasisitiza: isosayaneti, kemikali iliyomo kwenye vigumishi vingi vya rangi za magari, hudhuru mapafu kabla pua haijaihisi.