Podestà si mfalme

Ni mara ya tatu sasa. Video ya utalii iliyotiwa sauti ya Kiswahili inapanda kilima cha San Gimignano, kule Toscana, Italia, inazunguka minara, kisha msimulizi anatamka: "Na hili ndilo jumba la mfalme." San Gimignano haikuwa na mfalme wake. Jumba hilo lilikuwa la podestà.

Podestà alikuwa hakimu mkuu na mtawala wa kukodiwa katika miji ya Italia, hasa karne ya 12 hadi ya 14. Basi.

Neno limetoka kwenye Kilatini potestas, yaani mamlaka. Kwa hiyo ni kama sisi tungesema, "Mamlaka amefika, mwandalieni chumba." (Neno letu serikali lilipita njia ya kinyume: kwa Wajemi sarkar alikuwa mtu, msimamizi wa kazi.) Anayesikia "mamlaka" akawaza taji namwelewa, tena mwanzoni hakuwa mbali na ukweli. Baada ya mkutano wa Roncaglia mwaka 1158, Frederick Barbarossa, Kaisari kutoka Ujerumani, aliwapachika watu wake juu ya miji ya Lombardia, kaskazini mwa Italia, kwa cheo hicho. Baadaye miji ikawakataa watu wa kaisari, cheo ikakibakiza, ikawa inaajiri yenyewe.

Sharti kubwa lilikuwa moja: awe mgeni. San Gimignano ipo mita 300 na ushei juu ya usawa wa bahari, ikitazama bonde la Elsa, kwenye njia ya mahujaji waendao Roma. Zafarani iliutajirisha mji, na matajiri wakashindana kwa minara. 14 bado imesimama. Akina Ardinghelli walikuwa upande wa Papa, akina Salvucci upande wa Kaisari. Nani kati yao angekubali kuhukumiwa na mwenzake? Ndipo huletwa mtu wa mji mwingine, kwa miezi sita au mwaka, pamoja na mahakimu na makarani wake, na mara nyingi akikatazwa hata kula nyumbani kwa raia. Muda ukiisha haondoki hivi hivi. Anazuiwa siku kadhaa akaguliwe, na aliyeonewa anajitokeza kudai haki yake. Mfalme gani huyo?

Mwaka 1317 Lippo Memmi alichora ukutani, katika ukumbi wa baraza, Bikira Maria akiwa kwenye kiti cha enzi. Aliyepigishwa magoti mbele yake ni Nello de' Tolomei, podestà wa wakati huo. Mtu wa Siena, mji mwingine.

Wengine humwita meya. Hapo lawama namrushia Mussolini, dikteta wa Italia, ambaye kuanzia 1926 aliwaondoa mameya wa kuchaguliwa, akateua wake na kuwavika jina lile la kale.

Mkitia sauti tena, jamani, "hakimu wa kukodiwa" inatosha. Au liacheni neno podestà lilivyo, na jumba mseme ni lake, kwa miezi sita.