Wastani wa huzuni si mwitikio

Juzi nimeletewa tena jedwali lile lile. Mwanafunzi kakusanya shajara za jioni nane kwa kila mshiriki, kajumlisha alama za hisia hasi, kagawanya kwa nane, kisha juu ya safu kaandika "mwitikio wa kihisia". Jamani, huo ni wastani. Mwitikio unampima mtu dhidi ya nafsi yake: siku aliyopatwa na jambo na siku aliyoshinda salama.

Chukua mfano wa dada wawili, kipimo ni 0 hadi 4. Wa kwanza siku tulivu ana 1.8, siku aliyogombana na mwenye nyumba, 1.9. Wa pili siku tulivu ana 0.2, siku ya ugomvi, 1.1. Kwa jedwali lile, wa kwanza ndiye mwenye mwitikio mkali. Lakini yeye kapanda 0.1 tu, mwenzake kapanda 0.9! Wa kwanza anaishi na uzito ambao ugomvi hauuongezi sana, na msaada anaouhitaji si ule wa mwenzake. Ukiwachanganya, umewakosea wote wawili.

Ndiyo maana matukio huulizwa kila jioni, mbali na hisia. Mtafiti David Almeida na wenzake huko Marekani waliwapigia watu simu jioni 8 mfululizo: umegombana na mtu? Umejizuia kugombana? Kazini je, nyumbani je? Takriban siku 40 kwa kila 100 zilikuwa na angalau tukio moja. Mwaka 2013 ikachapishwa kazi iliyofuatilia watu 711: waliokuwa na mwitikio mkali zaidi walielekea zaidi kuripoti matatizo ya kihisia miaka 10 baadaye. Kwa upande wa kumbukumbu hesabu ni ile ile, ila badala ya hisia unahesabu usahaulifu wa siku hiyo: jina lililopotea, dawa isiyomezwa.

Sasa piga hesabu. Asilimia 40 ya siku 8 ni kama siku tatu. Mteremko wa mtu mmoja, yaani tofauti yake kati ya siku tulivu na siku ya tukio, unasimama juu ya siku tatu! Kwa kundi zima naamini matokeo. Kumwambia mtu usoni kwamba ana mwitikio mkali, sithubutu. Tena shajara ya jioni hainiambii kilichotangulia. Pengine aliamka na kisirani, ndipo akautafuta ugomvi.

Na msinipe shajara za karatasi zilizojaa vizuri. Mwaka 2002 mtafiti Arthur Stone na wenzake walificha kifaa cha kuhisi mwanga ndani ya majalada ya shajara za wagonjwa wa maumivu sugu. Karatasi zilidai wamejaza kwa wakati mara 90 kwa 100. Kifaa kikaonyesha 11.

Kwetu kuna tatizo jingine ambalo nilichelewa kuliona. Ukimpigia mtu saa mbili usiku ukaanza na "Habari za leo?", atajibu "nzuri", hata kama mchana kafukuzwa kazi. Ni adabu, hajakudanganya. Lakini ile "nzuri" inaburuta majibu yanayofuata, kwa sababu ni vigumu kusema nzuri kisha ukakiri umelia. Siku hizi tunasalimiana mpaka salamu ziishe, za watoto na za nyumbani, tunanyamaza kidogo, ndipo tunauliza: tangu asubuhi, ni saa ngapi moyo wako haukutulia?